Juu stoo, chini fremu tupu: tufanyeje na jengo la marehemu baba mjini Mwanza?

*Swali la msomaji:* Shikamoo mtaalamu. Baba yetu alifariki akatuachia, watoto wanne, jengo la chini na juu katikati ya jiji la Mwanza. Chini kuna fremu sita. Tatu zina wapangaji, tatu zimefungwa tangu mwaka jana. Juu palikuwa stoo, sasa kumebaki makorokoro. Wateja wamehamia Buzuruga, Nyegezi, Igoma na Rock City Mall, na ikifika saa moja usiku mtaa wetu ni giza tupu. Kaka zangu wamepata mtu wa ubia anayetaka tubomoe ajenge ghorofa nane za fremu. Mwingine, muuza magodoro, yuko tayari kulipa kodi ya mwaka mzima taslimu achukue juu yote. Mimi nimesikia miji ya wenzetu ilifufuliwa kwa kurudisha watu waishi mjini kati. Kwa Mwanza linawezekana, au ni ndoto?

*Jibu:* Marahaba binti yangu, na poleni sana na msiba wa mzee.

Linawezekana. Na kwa jengo lenu nina jibu fupi kabla ya maelezo: msibomoe, msiongeze fremu hata moja, na juu pageuzwe vyumba vya kupangisha watu wakae. Mjini kati hapajapungukiwa fremu. Pamepungukiwa watu wanaolala hapo.

Anza na hesabu ya watu. Sensa ya 2022 iliikuta Nyamagana na watu 594,834 na Ilemela 509,687, yaani jiji zima lina zaidi ya watu milioni moja na laki moja. Kwa hiyo wateja hawajatoweka. Wanalala Buhongwa, Mkolani, Igoma, Kiseke, na wananunua pale wanaposhukia daladala. Zamani mtu wa Buhongwa alikuja mjini kwa sababu ndoo, bati na vitenge vilikuwa huku. Sasa fremu zimemfuata hadi mlangoni kwake. Huyo, hata mkipaka jengo rangi ya dhahabu, hatapanda gari kuja kununua ndoo. Atakuja benki, mahakamani au kuchukua mzigo wa jumla, na jioni yuko kituoni anatafuta siti ya kurudi.

Watu wananiambia, "Mzee, si Daraja la J.P. Magufuli limefunguliwa?" Ni kweli, tangu Juni 2025 watu wa Sengerema na Geita wanavuka Kigongo–Busisi bila foleni ya kivuko, na wauzaji wa jumla wamefurahi. Lakini daraja linalomleta mteja asubuhi ndilo linalomrudisha kwake jioni. Zamani aliyechelewa kivuko alitafuta gesti na chakula cha usiku mjini. Daraja ni neema, ila msilitegemee kuwasha taa za mtaa wenu.

Mteja pekee mnayeweza kumpata upya ni yule atakayelala juu ya duka lenu, au hatua mia mbili kutoka hapo.

Na hilo si jambo la kuigwa ng'ambo. Majengo kama la baba yenu yalijengwa kwa kazi hiyo hiyo. Wajerumani walianzisha Mwanza kama kituo cha utawala na biashara ya pamba mwaka 1892, reli kutoka Tabora ikafika 1928, na wafanyabiashara wenye asili ya Kihindi wakajenga mtaa baada ya mtaa kwa ramani ileile: duka mbele, stoo nyuma, ua katikati, familia juu. Mwenye duka akisikia kishindo usiku alishuka ngazi mwenyewe. Mwaka 1971 serikali ikatwaa majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakawa chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 yakahamia Shirika la Nyumba la Taifa. Familia nyingi zikaondoka. Juu zikaingia ofisi, kisha stoo, maana mzigo haulalamiki maji yakikatika. Hivyo ndivyo mji ulivyozimika usiku, sakafu moja baada ya nyingine.

Utaniuliza nani atakubali kuishi pale leo. Inua macho utazame Bugando. Hospitali ya rufaa ya kanda yenye vitanda zaidi ya 900, na chuo kikuu cha afya pembeni yake, viko kilimani palepale, kwa miguu hata nusu saa haifiki. Wauguzi wa zamu, madaktari wa mafunzo kazini, wanafunzi wa mwaka wa mwisho, hao wanapanga mbali na kulipa bodaboda usiku. Ongeza watumishi wa benki, wa reli, wa bandari, walimu wapya, na vijana wa kazi za kompyuta wanaotaka chumba kimoja safi chenye choo ndani. Familia yenye watoto watano haitakuja, na msihangaike nayo. Itabaki Buhongwa kwenye uwanja wa kuchezea watoto. Tafuteni mtu mmoja mmoja na wawili wawili.

Sasa tupande ngazi, maana hapo ndipo mambo yanapokwama.

Kitu cha kwanza ambacho ningekitazama, hata kabla ya nyufa, ni mlango wa ngazi. Katika majengo mengi ya mjini mlango huo umeshamezwa: ama umo ndani ya fremu ya mtu, ama mbele yake kumewekwa kibanda cha wakala wa simu. Kibanda hicho kina upana wa mita moja, kinalipa labda shilingi elfu sitini kwa mwezi, na kimeifungia biashara sakafu nzima. Muuguzi anayetoka zamu ya jioni hawezi kupita katikati ya duka la mtu lililokwisha fungwa. Mlango wa ngazi uwe wa peke yake, ufunguke barabarani, uwe na taa na kitasa kizuri. Kama umemezwa, mrudishieni wakala fedha zake na mumtafutie nafasi kwenye moja ya fremu tatu tupu. Kisha tafuteni njia ya pili ya kutokea, kwa kawaida ngazi ya nyuma inayoshuka uani. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji watawauliza habari hiyo, na hata wasipouliza, iwekeni.

La pili ni sakafu yenyewe. Wengi huogopa kwamba jengo kuukuu halitabeba watu. Hebu fikiri: sakafu ya makazi husanifiwa kubeba kama kilo 150 hadi 200 kwa mita ya mraba. Mifuko kumi ya sukari ya kilo 50 ikipangwa juu kwa juu hukaa kwenye eneo la kama nusu mita ya mraba, yaani tani nzima kwa mita ya mraba. Stoo ndiyo iliyokuwa ikililemea jengo la mzee, wala si vitanda. Hata hivyo mwiteni mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, aje na nyundo yake agonge zege, atazame nondo zilizotoboa, hasa chini ya sehemu zilizokuwa zikivuja. Kuta za kugawa vyumba zisiwe za tofali za saruji. Tumieni viunzi vyepesi na bodi. Na tangi la maji msilipandishe juu: lita 5,000 ni tani tano. Likae uani chini pamoja na pampu, juu pawe na dogo la kusukumia tu.

Vyoo vyote vipangwe ukuta mmoja wa nyuma, kimoja jirani ya kingine, mabomba yashuke uani yakutane na mfumo wa majitaka wa MWAUWASA, mamlaka ya maji ya Mwanza. Hapa mna bahati ambayo mnaichukulia poa: mjini kati ni miongoni mwa sehemu chache za Mwanza zenye mabomba ya majitaka. Kule kwenye vilima vya mawe, mtu asiyefikiwa na bomba anachimba shimo la choo kwa kupigana na mwamba. Mtaji huo umezikwa chini ya mtaa wenu tangu zamani na unahudumia stoo.

Umeme: kila chumba mita yake ya LUKU. Usikubali fundi akudanganye kuhusu kugawana mita moja. Nyumba nyingi zimevunjika amani kwa sababu ya pasi ya mpangaji wa chumba cha tatu. Na kwa kuwa juu ya vichwa vyao ni bati, wekeni dari yenye nafasi ya hewa kupita, la sivyo saa nane mchana chumba hakikaliki.

Karatasi pia. Toeni hati mwisome sharti la matumizi. Hati nyingi za mjini zimeandikwa biashara na makazi kwa pamoja, na kama yenu ni hivyo, safari yenu kwa maofisa wa Halmashauri ya Jiji ni ya kibali cha ukarabati tu. Ikiwa imeandikwa biashara peke yake, mtaomba kubadili matumizi kwanza. Kabla ya yote hayo, awepo msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Bila huyo hamna anayeweza kusaini chochote, awe na sauti kubwa namna gani kwenye kikao cha ukoo.

Tupige hesabu kidogo, kwa namba za mfano ili muone njia, kisha muweke zenu. Tuseme juu kuna mita za mraba 200. Ngazi na korido zikila robo, zinabaki 150, ambazo ni vyumba vitano vya mita 30, kila kimoja na choo na kona yake ya jiko. Kwa shilingi 200,000 kila kimoja mnapata milioni 12 kwa mwaka; toeni milioni mbili za matengenezo na miezi ya vyumba vitupu. Imebaki milioni 10. Muuza magodoro akitoa 450,000 kwa mwezi, mwaka mzima ni milioni 5.4. Tofauti ni milioni 4.6. Ukarabati ukigharimu milioni 25, mtarudisha fedha baada ya miaka mitano na ushee. Simwoni mtu akitajirika hapo kwa haraka, na kaka zako watasema hivyo. Watakuwa sahihi, kwa sakafu ya juu ikitazamwa peke yake.

Ila watazame na chini. Fremu tatu zimefungwa tangu mwaka jana kwa sababu mmeng'ang'ania kodi ya enzi za mzee. Tuseme mnataka 500,000. Fremu ikikaa tupu miezi minane na kupata mtu miezi minne, mwaka umewapa milioni mbili. Mkishusha hadi 350,000 akakaa mtu miezi kumi na miwili, mmepata milioni 4.2. Mwenye nyumba wa mjini anaona kushusha kodi ni aibu, kufunga fremu anaona ni msimamo! Na hili la kudai kodi ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo ndilo linalowaleta wauza simu na vipodozi pekee, wenye mtaji wa haraka. Kinyozi, fundi nguo, binti wa duka la dawa, muoka mikate, hao wana kazi ya kila siku lakini hawana milioni nne mkononi. Chukueni kodi ya miezi miwili mwanzo, kisha mwezi kwa mwezi, na fremu moja kubwa ikateni mbili.

Mkipanga wapangaji, angalieni saa zao. Nyumba ya watu inahitaji chini kuwe na kitu kilicho wazi hadi saa tatu usiku: genge, dobi, duka la dawa, mama lishe anayepika ugali na sato jioni. Baa msiweke, hata ikilipa maradufu. Wauguzi wa zamu watahama mwezi wa kwanza.

Sasa mtu wa ubia. Nitauliza swali moja tu: kama fremu ya chini, yenye mlango barabarani, imekosa mtu tangu mwaka jana, ile ya ghorofa ya sita itampata nani? Anawaonyesha picha za Kariakoo. Kariakoo inapangisha fremu hadi juu kwa sababu inanunuliwa na nchi nzima, pamoja na Wakongo, Wazambia na Wakomoro. Mwanza ni soko la Geita, Simiyu, Mara na Kagera. Ni kubwa, lakini halijazi ghorofa nane katika kila mtaa. Na Kariakoo hiyohiyo, Novemba 16, 2024, jengo liliporomoka na kuua watu zaidi ya 20, baada ya kuchimbwa chini ili kuongeza nafasi ya biashara. Mwanza uchimbaji una balaa mbili: ama unakutana na mwamba unaokula bajeti, ama, mkiwa bondeni kuelekea Mto Mirongo, unakutana na maji.

Sipingi ubia wa kila namna. Akija mtu wa kujenga nyumba za makazi zenye maduka chini tu, msikilizeni. Lakini hati isitoke mikononi mwa familia, isiwekwe rehani benki kwa jina la mradi, na mkandarasi awe na usajili wa Bodi ya Usajili wa Makandarasi wa daraja linalolingana na jengo. Sheria ya mwaka 2008 inayohusu umiliki wa sehemu za majengo inaruhusu jengo moja kugawanywa, kila sehemu na hati yake. Hiyo inafaa kwenu hata bila ubia: siku moja mkitaka kuachana kwa amani, kila mmoja wenu wanne anaweza kupewa sehemu yake badala ya kuuza jengo zima kwa bei ya kutupa.

Umeuliza miji ya wenzetu. Philadelphia, Marekani, mwaka 1997 iliamua kwamba mtu akigeuza jengo kuukuu kuwa makazi, thamani aliyoiongeza isitozwe kodi ya jengo kwa miaka kumi. Majengo mengi yaliyokuwa matupu yakapata watu. Kwetu jambo hilo haliko mikononi mwa jiji. Kodi ya majengo inapangwa kitaifa na kukatwa kwenye LUKU; tangu Julai 2023 ghorofa za mijini zinatozwa shilingi 90,000 kwa kila sakafu kwa mwaka, iwe ina wapangaji kumi au popo. Sakafu tupu haimuumi mwenyewe hata kidogo. Kama ningepewa dakika tano na wabunge wa Mwanza, ningewaambia hilo kabla ya kuomba taa za barabarani.

Johannesburg ndiyo inayonifundisha zaidi, kwa uzuri na ubaya. Makampuni yalihamia Sandton, soko la hisa nalo likafuata mwaka 2000, maofisi yakabaki wazi. Baadhi yaligeuzwa vyumba vya kupanga vya bei ya kati, yenye walinzi, lifti na mtu wa matengenezo, na watu wamejaa. Mengine yaliachwa hivyo hivyo, watu wakaingia na kujigawia kwa mbao na mapazia. Agosti 31, 2023 jengo moja lililotelekezwa namna hiyo liliungua, wakafa zaidi ya watu 70. Majengo yanaweza kuwa ya aina moja na mtaa mmoja. Aliyeyatofautisha ni msimamizi. Kwa hiyo katika ile milioni mbili ya matengenezo, mshahara wa mtu wa kufagia ngazi, kubadili taa na kukagua mitungi ya gesi usiukate.

Vyumba vitano peke yake havitaamsha mtaa. Nenda kaongee na majirani. Ukipata wenye majengo watano wakafungua juu zao, mna watu arobaini au hamsini wanaonunua mkate kila asubuhi, na hapo muuza mkate ana sababu ya kuja. Kwa kuanzia msiunde chama chenye katiba. Changieni mlinzi mmoja wa usiku badala ya kila duka na wake anayesinzia, taa za nje zinazowashwa kutoka kwenye mita zenu, na gari la taka lipite alfajiri. Jirani yenu mmoja au wawili, kwa historia niliyoieleza, huenda ni majengo ya Shirika la Nyumba. Andikeni barua kwa meneja wa mkoa, msimsubiri aje.

Na machinga, kabla hujaniuliza. Desemba 2016 walitolewa mjini, Rais Magufuli akaagiza warudishwe. Mwishoni mwa 2021 wakapangwa tena maeneo mengine. Kila mara wenye maduka hushangilia, kisha baadhi yao huanza kuulizana wateja wamekwenda wapi. Mimi ningewaachia upande mmoja wa njia, wenye mstari uliochorwa, mlango wa ngazi ukiwa wazi mita mbili kila upande. Wanaleta macho mtaani, na mtaa wenye macho hauibiwi.

Limebaki la magodoro. Taslimu ya mwaka inashawishi, lakini sponji ikishika moto moshi wake unaua kabla ya moto kufika, kwa hiyo huyu hawezi kuwa mpangaji wenu wa chini wala wa juu siku watu watakapolala humo. Kibali na mhandisi vitawachukua miezi kadhaa. Mwambieni anaweza kupata juu kwa miezi mitatu, kwa maandishi, akilipa miezi mitatu tu, na sharti la kuondoka likiwa na tarehe. Akikubali, fedha hiyo imlipe mhandisi. Akikataa, fungeni mlango na mfagie makorokoro.